Samaki mwenye ndevu ziwani kwetu

Jumapili baada ya misa, jirani yangu, mstaafu wa mgodi, alinipeleka ziwani kuvua samaki wa meno, yule mkali anayeruka juu akinaswa. Tulingoja sana. Mwishowe akavuta ndoana, akatoka samaki mnene, mpole, mwenye ndevu fupi mdomoni.

"Carpe tena!" akaguna, akimwita samaki huyo kwa Kifaransa.

Mama mmoja aliyekuwa akifua nguo kando akasogea. "Tata, hii ilitoka wapi?"

"Banasema ilitoroka mu étang ya mutu, kidimbwi ya kufuga samaki. Inachimba mu matope sawa ba-creuseur, bachimbaji ba mukono ba mugodi ya Mutoshi. Mayi inachafuka, na samaki ya meno haione tena chakula yake."

Mama akachota maji kwa kiganja, akayatazama. Yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Kisha akamfinya samaki ubavuni.

"Iko na mafuta. Utaitupa?"

 Jirani alimtia kwenye ndoo.

Jioni nilimkuta jirani mezani kwake, amebakiza mifupa tu. Nikamwuliza kama samaki alikuwa mtamu.

"Mutamu sana," akasema kwa huzuni, akilamba vidole. "Njo shida. Sasa nani atataka iishe mu ziwa?"