Binti Yangu Alipopelekwa Thelujini na Mtaa Mzima

Binti yangu alijifunza skii kwenye kilima kisicho na theluji. Kiko kusini-mashariki mwa London, basi moja na mwendo mfupi wa miguu kutoka kwetu Woolwich, na kimetandikwa mikeka ya plastiki yenye miba mifupi kama brashi ya kusugulia sakafu. Mabomba huinyunyizia maji ili skii, zile mbao ndefu za kufunga miguuni, zipate kuteleza. Shule yao iliwapeleka huko siku moja alipokuwa na miaka kumi. Alirudi na michubuko kwenye viwiko vyote viwili, akavua koti, akaniambia kwa Kiingereza chake kwamba lazima arudi tena Jumamosi.

Mimi kwetu ni Makete, kwenye milima ya kusini mwa Tanzania. Wenzangu wa Dar es Salaam na Mombasa ninaokutana nao hapa hawaniamini nikiwaambia kwamba mwezi wa Juni tulikuwa tunaamka na kukuta majani yameganda na viazi vimeungua shambani kwa baridi. Kwa hiyo baridi haikunitisha. Kilichonitisha ni mwendo. Mara ya kwanza niliposimama chini ya kile kilima nikamwona mtoto wangu anashuka ameinama, mikono mbele, nilifumba macho. Niliyafumbua aliponigonga begani na kuniuliza kama nimeona.

"Nimeona," nikasema. Nilimdanganya.

Nilidhani hamu ile ingeisha baada ya wiki mbili. Haikuisha. Mimi nilikuwa nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na Jumamosi nilizopangiwa zamu, kocha alikuwa anampitia binti yangu kwa gari. Kocha mwenyewe alikuwa mama mtu mzima, mwalimu mstaafu wa michezo, sauti imemkauka kwa miaka ya kuwaita watoto kwenye upepo. Hakuwa analipwa. Karibu kila mtu pale kilimani alikuwa anajitolea, kuanzia aliyefungua geti hadi aliyechemsha chai. Nyuma ya kantini kulikuwa na chumba kilichojaa viatu vya skii. Mguu wa mtoto ukikua, viatu vyake vinarudi chumbani na mwingine anavichukua. Ndani ya viatu vya binti yangu nilikuta majina ya watoto watatu waliovivaa kabla yake, kila jina limepigwa mstari mmoja. La kwake nikaliandika chini yao.

Alipofikisha miaka kumi na minne, alichaguliwa kwenda kwenye michezo ya vijana ya majira ya baridi. Ni mashindano ambayo miji na mitaa ya nchi mbalimbali hupeleka timu zao ndogo, na mwaka ule yalikuwa yanafanyika kwenye jimbo moja la milimani, Ulaya bara. Manispaa yetu, ambayo sote tunaiita kaunsil, ilikubali kuwapeleka watoto sita pamoja na watu wazima wanne wa kujitolea wa kuwatunza. Barua iliyokuja nyumbani ilisema mzazi anayetaka kuwa mmoja wa hao wanne ajiandikishe.

Sikuweza kujiandikisha. Binti yangu alizaliwa hapa na baba raia wa hapa, kwa hiyo yeye pasipoti anayo. Karatasi zangu mimi zilikuwa bado zinasubiri uamuzi. Nilishakwenda ofisi za uhamiaji, Croydon, mara kadhaa kushughulikia jambo hilo, na kosa lilikuwa langu, maana nilichelewa kupeleka barua moja iliyotakiwa na kusubiri kukarefuka. Anayesubiri hatoki nje ya nchi. Akitoka, ombi lake linahesabiwa kwamba ameliacha.

Basi nikaamua asiende. Sikumwambia yeye kwanza. Nilimwambia jirani yangu wa ghorofa ya chini, mama wa Kikongo kutoka Goma anayefanya usafi maofisini. Tulikuwa tunakunja shuka zake kwenye korido, yeye upande mmoja na mimi upande mwingine.

"Akivunjika mguu huko," nikamwambia, "nani atamshika mkono hospitali? Mimi siwezi kumfuata hata nikililia."

Aliikunja shuka yote kabla ya kunijibu.

"Dada," akasema, "wakati nilitoka Goma na batoto wawili, nani alinishika mukono? Ni batu sikuwajua. Hata majina yabo, mupaka leo siyajue." Akaniwekea shuka mikononi. "Ule mutoto si wako peke yako. Wacha aende."

Nilipanda ngazi nimekasirika, kama mtu anavyokasirika akiambiwa kweli. Jioni nikatia saini fomu.

Jumapili ile jirani alisimama kanisani kwao, bila kuniuliza, akatangaza kwamba kuna mtoto wa Woolwich anakwenda kwenye theluji. Kuanzia Jumatatu mifuko ilianza kuachwa mlangoni kwetu: glavu, soksi nene, nguo za ndani za sufu, sweta mbili za kumtosha mwanamume mzima, na kofia ya kufuma yenye rangi nne zisizopatana. Nyingine zilitoka kwa watu ambao sijapata kuwaona hadi leo. Binti yangu alizijaribu zote mbele ya kioo. Kofia aliiona mbaya kabisa, lakini akaitia kwenye begi.

Kocha naye alikuja nyumbani kunitoa hofu. Alikaa jikoni kwangu akanieleza jinsi jimbo lile la milimani lilivyojipanga. Shule zao zingefungwa wiki nzima ili wanafunzi wakubwa wasaidie kusafisha njia za mashindano. Waliobaki vijijini wangepika, wangeendesha mabasi, wangesimama kwenye baridi kuwapokea watoto wa watu.

"Na wao wanapata nini?" nikamuuliza.

Akafikiri. "Uchovu," akasema, "na hadithi za kusimulia."

Waliondoka asubuhi, kutoka kwenye maegesho ya ofisi za manispaa. Binti yangu alininong'oneza kwa Kiingereza nisilie mbele ya wenzake. Sikulia. Nilipunga mkono hadi basi likakata kona, kisha nikaenda kazini, na huko nikalia kidogo kwenye stoo ya mashuka.

Siku ya shindano lake nilikuwa zamu ya asubuhi. Meneja wangu alijua habari zote, akaniambia simu yangu niiweke karibu. Nilikuwa sebuleni namlisha uji bibi mmoja ambaye mikono yake ilikuwa imeshakataa kazi, simu ilipoita kwa video. Namba sikuijua. Nilipopokea, nikamwona mwanamke wa rika langu, mashavu mekundu, kofia imemshuka hadi kwenye nyusi, na nyuma yake weupe mtupu.

"Mama?" akaniuliza. Akaonyesha kwa vidole namba mbili, kisha saba. Binti yangu alikuwa amevaa namba ishirini na saba.

"Ndiyo, ni mimi mama yake," nikasema, nikasahau hata kutumia Kiingereza.

Hatukuwa na lugha moja. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa mwoka mikate wa kijiji kile, na wiki ile alikuwa anajitolea pale mwisho wa njia ya mashindano. Kocha alimweleza kwamba mama wa namba ishirini na saba yuko London na hawezi kuja. Hakuna aliyemwomba apige simu. Yeye mwenyewe aliomba namba yangu, akapiga kwa simu yake.

Niliiegemeza simu kwenye birika la chai. Wazee wakasogea, wengine kwa viti vya magurudumu. Mzee mmoja aliyekuwa na kawaida ya kugombana na kila mtu aliwaamuru wenzake wanyamaze. Yule mwanamke akageuza simu ielekee mlimani, nikaona mistari miwili ya fito, nyekundu na bluu, na juu kabisa nukta inayosogea.

Nukta ikawa mtu. Nilimtambua kwa jinsi anavyoinamisha kichwa upande. Alipita fito za kwanza vizuri, kushoto, kulia, kushoto. Halafu skii moja ikamtelezea upande. Akaanguka kwa ubavu, akaburutika akaupita kwa chini ufito aliopaswa kuuzunguka, akalala pale.

Safari hii sikufumba macho.

"Ameumia?" bibi wa uji akauliza.

"Sijui," nikasema.

Alikaa chini kwa muda nisioweza kuupima. Kisha akasimama, akajikung'uta, akatazama juu. Aliyekosa ufito anaruhusiwa kurudi kuuzunguka, ila inabidi aupande mlima kwa miguu yake, skii zikiwa bado zimefungwa. Akaanza kupanda kwa ubavu, hatua ndogo ndogo, kama mtu anayepanda ngazi kwa upande. Waamuzi wakamzuia kwanza mshindani aliyefuata. Pale chini watu wakaanza kutikisa kengele, zile wanazofungiwa ng'ombe. Yule mwoka mikate alikuwa na ya kwake. Picha ya simu ikawa inatetemeka kwa sababu mkono mmoja alishika simu na wa pili anatikisa kengele.

Nilizungumza peke yangu kwa Kikinga cha kwetu Makete, lugha ambayo binti yangu haijui na ambayo nilikuwa sijaitumia kwa sauti kwa miaka mingi. Sikumbuki nilisema nini. Aliufikia ufito, akauzunguka, akashuka polepole na salama hadi mwisho. Sebule yetu ikapiga makofi. Mzee mgomvi akapiga meza kwa kijiko.

Makoti ya washindani yalikuwa bado hayajateremshwa kutoka juu, na binti yangu alisimama pale na nguo nyembamba ya mashindano, anatetemeka. Mwoka mikate akavua jaketi lake na kumfunika, simu ikiwa bado mkononi, ndiyo maana kwa muda nikawa natazama zipu tu. Kisha akampa simu.

"Mum," binti yangu akasema. Mengine yote aliyasema kwa Kiingereza, pua inamtiririka. Kwamba atakuwa wa mwisho. Kwamba amewaangusha wote walioleta nguo na viatu. Kwamba goti linauma lakini si sana.

"Nimekuona," nikamwambia. "Nimekuona ulivyopanda."

"Umeona kweli?"

"Safari hii kweli."

Akacheka, ingawa machozi yalikuwa bado hayajakauka. Wazee wakampungia mikono.

Alirudi na mkate mzito mweusi ndani ya begi, umefungwa kwa taulo ya jikoni. Tuliula siku tatu na chai, na nusu nikampelekea jirani. Nilimwandikia yule mwanamke barua ndefu kwa Kiswahili, kwa sababu ndiyo lugha ninayoweza kushukuru nayo, binti yangu akaitafsiri kwa simu hadi lugha ya kule. Jibu lake lilikuwa na mistari miwili. Alisema jaketi lilikuwa chafu kwa unga, tumsamehe.

Karatasi zangu zilitoka kabla ya baridi iliyofuata. Binti yangu alikuwa ameshavuka umri wa mashindano yale na ameanza kuwafundisha wadogo kila Jumamosi, kwa hiyo hakuwa na safari. Mimi nikajiandikisha. Kaunsil ilitufundisha jioni nne ukumbini: huduma ya kwanza, jinsi ya kumtuliza mtoto aliyepotea, jinsi ya kutambua kidole kinachoganda. Kati ya watu wa kujitolea wa mwaka ule ni mimi peke yangu niliyekuwa sijui kuteleza hata hatua moja; wakanicheka, nikacheka pamoja nao.

Mashindano yalirudi kwenye jimbo lile lile, bonde jingine. Niliuliza habari za mwoka mikate, nikaambiwa amepangiwa kazi kituo cha mbali, mwendo wa saa mbili kwa basi. Sikumwona. Nilipangiwa kusimama kwenye kituo cha mabasi ya timu, nikiwa na fulana ya rangi ya chungwa juu ya koti, kuwaelekeza watoto basi lipi linakwenda wapi. Siku ya kwanza nilipandisha timu nzima kwenye basi lisilo lao, tukalisimamisha kwa kukimbia na kupiga mayowe. Dereva alishuka, akaniangalia, akanipa kikombe cha chai kutoka kwenye chupa yake.

Jioni msimamizi wetu, kijana wa pale bondeni, alipita kukusanya fulana. Aliniuliza kama miguu yangu bado ina hisia.

"Inayo," nikamwambia.

"Kesho basi la kwanza ni saa kumi na mbili asubuhi. Utaweza?"

Nikamwambia nitakuwepo kabla ya hilo basi.