Simu Zilizofungiwa Kabatini

Jumanne asubuhi nilikuwa nakunywa chai pale Mtendeni ujumbe ulipoingia kwenye simu yangu: yule mwalimu wa Kiingereza wa upande wa Goweko, mtani wangu, amefariki. Presha imemwangusha shambani kwake, mazishi ni kesho. Niliusoma mara mbili nikidhani ni yeye mwenyewe ananitania. Wasomaji wangu wa siku zote mnajua kwamba mimi ni Mgogo niliyelowea Tabora, na Wagogo na Wanyamwezi tumetaniana tangu babu zetu walipokuwa wakipishana na mizigo kichwani katika njia hii ya misafara. Mama yule aliwahi kunitumia rambirambi za msiba wangu mwenyewe, nami ni mzima wa afya, kwa sababu tu sikupokea simu yake. Safari hii ulikuwa msiba kweli.

Tulifahamiana kwa fundi simu. Alikuja na kikapu kimejaa simu za kugusa zilizopasuka vioo, alizoziomba mjini nyumba kwa nyumba. Nilipomuuliza anazipeleka wapi, akasema shuleni kwake, watoto wajifunze Kiingereza kwa michezo ya mtandaoni. Hapo hapo nikaingiwa na wasiwasi. Nimeshaona mengi yakiletwa vijijini kwa jina la watoto, halafu yakaishia kupigwa picha. Na huo ni mchezo gani wa bure unaotaka kwanza jina la mtoto, umri wake na mahali anapoishi? Na ile sauti inayompa mtoto hongera hata akibahatisha, inamfundisha nini? Mtani wangu alicheka, akanialika nikaone mwenyewe, niache kuhukumu nikiwa nimekalia benchi la fundi.

Nikaenda. Watoto wa darasa la sita walikuwa nje, karibu na kichuguu, kwa sababu ndipo mtandao unapokamata, wamejigawa watano watano, kila kundi na simu yake. Neno la Kiingereza linatokea kwenye kioo pamoja na picha kadhaa, wanabishana, mmoja anagusa jibu, kikatuni kinapanda ngazi, wakikosea kinashuka. Walikuwa wakishindana na watoto wa nchi ambazo hawajawahi kuzisikia. Furaha ile niliiona, siwezi kukataa, lakini mimi nilikuwa nimekwenda kukamata mwizi. Nikamfuata binti mmoja aliyekuwa akigusa majibu haraka kuliko wenzake, nikamuuliza kwa Kiingereza, ghafla, amekula nini asubuhi. Kimya. Akanitazama, akamtazama mwalimu wake, akainamisha kichwa. Nikarudia. Kimya. Basi, nikajiambia, nimewapata: hawa wanajua kubonyeza, Kiingereza hawana. Wiki ile nikaandika hapa hapa kwamba kuna shule inayochezea simu na kuliita hilo somo. Sikutaja jina, lakini watu wakauliziana, wakajua. Hazikupita siku nyingi, maelekezo yakatoka kwa wakubwa, simu zote zikafungiwa kwenye kabati la ofisi ya mwalimu mkuu.

Nilikutana tena na mtani wangu sokoni. Akanishika mkono, akacheka kama kawaida yake, akaniambia, "Wewe Mgogo, mtoto hajakuamkia bado, unamrukia na maswali?" Akanieleza kwamba binti yule alikuwa amejiandaa kunipa shikamoo, lakini mtu mzima nimeanza na Kiingereza, na katika Kiingereza chote alichojifunza hakuona shikamoo aiweke wapi. Salamu wanazorushiana watoto kwenye mchezo aliona ni utovu wa adabu kumpa mtu wa umri wa babu yake. Na kujibu swali kabla ya kuamkia, kwao, ni vibaya zaidi. Ndiyo maana alimtazama mwalimu wake, amsaidie. Akaniomba niandike tena, kabati lifunguliwe. Nami nikafanyaje? Nikacheka! Nikamwambia Wanyamwezi kwa visingizio hamjambo. Tangu tufahamiane hatukuwahi kuambiana jambo zito kwa uso mkavu, nikachukulia kuwa na hilo ni utani. Hakulirudia tena. Sasa nashuku kwamba alikuwa akisubiri nimalize kucheka.

Mazishini nilifanya kazi ya mtani. Nilivaa miwani yake, nikashika chaki, nikawafokea waombolezaji waliochelewa kama alivyofokea wanafunzi, nikakaa ukingoni mwa kaburi nikisema hazikwi mtu hapa mpaka asahihishe madaftari. Watu walicheka huku machozi yanawatoka, nami pia. Nilipokuwa najifuta vumbi, akaja binti mwenye sare ya shule. Nilimtambua. "Shikamoo babu," akasema. "Marahaba mjukuu wangu." Kisha akanijibu swali langu la mwaka jana, kwa Kiingereza kilichonyooka, bila haraka: kwamba asubuhi ile alikula matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, pamoja na karanga, na kwamba mwalimu wake aliwaambia nitarudi kuuliza upya.

Nilimuuliza, kwa Kiswahili, ameendeleaje na masomo bila simu. Akasema mwalimu aliwachorea zile ngazi kwenye mchanga, wakawa wanapanda na kushuka wenyewe kwa miguu, lakini wale watoto wa mbali waliokuwa wakishindana nao hawakuwapata tena. Kwa hiyo msinielewe vibaya: ile michezo bado naitilia shaka, na sauti yake ya hongera, na maswali yake juu ya watoto wetu. Sijui binti huyu kafundishwa na simu au na mama yule. Ninachojua ni kwamba nilikwenda Goweko nikiwa na shaka na simu, na watoto, na mwalimu, na mtu mmoja tu sikumtilia shaka, naye ni mimi niliyeuliza swali. Naona aibu. Anayetaka kupima elimu ya mtoto ampe kwanza nafasi ya kumwamkia. Na wewe mwalimu mkuu mwenye ufunguo wa kabati, pamoja na wakubwa waliokuagiza kulifunga, someni hapa: niliyoyaandika mwaka jana juu ya shule ile hayakuwa kweli. Fungueni. Mtani wangu ameshazikwa, na hili si utani.