Dakika Ishirini za Kumtetea Ngamia

Wenzangu tuliosoma Masalani kabla simu hazijaingia mifukoni mwa wanafunzi, mnakumbuka mdahalo ulivyokuwa? Si mchezo! Wavulana walikuwa na mpira wao wa matambara, sisi wasichana tulikuwa na maneno. Kila Alhamisi mchana, matumbo yakiwa yamejaa githeri ya shule, tulisongamana darasa moja hadi madirishani, jasho likitutiririka ndani ya hijabu. Mtu akitoa hoja kali, madawati yalipigwa mpaka vumbi likashuka kutoka kwenye mabati.

Timu yetu ilikuwa ya watu watatu. Fardosa alitupita umri kwa miezi michache na hakukubali tusahau. Naima alikuwa na mwandiko ambao hata walimu waliuazima. Mimi nilikuwa na mdomo tu. Na sote tulikuwa na hamu moja iliyotukosesha raha: kuvuka daraja. Mashindano ya mkoa yalifanyika Garissa mjini, na timu iliyoshinda ilipelekwa Nairobi. Kwa lugha ya kwetu, ukishavuka daraja la Tana umeenda Kenya. Kati yetu hakuna aliyewahi kwenda Kenya!

Mwaka wa kwanza tulifika Garissa juu ya lori, hijabu nyeupe zimegeuka rangi ya chai. Tukapewa mada, tukafungiwa chumbani dakika ishirini tujiandae, bila mwalimu. Basi tukafanya kama tulivyoona wazee wetu wakifanya barazani. Mkubwa ndiye huanza, na akisema hakatizwi. Fardosa akapiga bismillahi, akatusalimu, akauliza hali ya nyumbani kwetu, sisi tulioshinda naye kwenye lori moja! Akauliza mifugo, akauliza mvua. Naima naye, kwa adabu zake zote, akamshukuru msemaji aliyemtangulia, akamwombea dua nyanya yake aliyekuwa mgonjwa, akaanza kukaribia mada polepole. Zamu yangu ilipofika, nikafungua mdomo, na kengele ikalia. Karatasi ya Naima ilikuwa na tarehe peke yake, imeandikwa vizuri sana.

Tulipigwa vibaya. Mwalimu wetu, Mwalimu Kilonzo, Mkamba mrefu aliyekuwa amesimama nje ya dirisha ameshika kichwa, alituuliza swali moja tu njiani. "Mlikuwa mnajiandaa kwa mdahalo, au mnapatanisha watu waliogombania kisima?"

Mwaka uliofuata alitunyoosha. Alivua saa yake, akaiweka mezani, na sheria ya kwanza ikawa salamu ziishe mlangoni. Nje ulizaneni hali, ndani hakuna. Naima aandike kuanzia sekunde ya kwanza, hata kama ni upuuzi. Halafu, dakika tano zikipita, mmoja wetu alihama upande, akawa adui. Kazi yake ilikuwa kutushambulia bila huruma, na sisi tumjibu hapo hapo, Naima akinakili majibu. "Mpinzani wa kwanza atoke kwenu," alituambia Mwalimu. Tulilia mwanzoni, maana Fardosa akiwa adui alikuwa haangalii urafiki. Baadaye tukawa tunaingoja Alhamisi kama sikukuu.

Tukarudi Garissa. Mada ikatolewa: ngamia ana faida kuliko ng'ombe. Nikaona njia nyeupe, tumepata mada ya nyumbani! Kisha tukachagua kikaratasi cha upande. Tukaangukia kumtetea ngamia. Sisi wa Masalani, wasichana wa Ijara, watoto wa ng'ombe! Na wapinzani wetu, waliotoka pande za Buna ambako ngamia ndiye kila kitu, wakapewa ng'ombe. Tuliwasikia chumba cha pili wakicheka mpaka wakakohoa.

Fardosa aligoma. Alikaa chini, mikono kifuani. "Wallahi mimi siwezi kutukana ng'ombe. Aabo, baba yangu, akisikia nitasema nini? Habana, sitaki!"

Saa ilikuwa inakimbia. Dakika mbili zimekwisha, nikaona daraja linaondoka mbele ya macho yangu. Ndipo Naima, yule mpole, akagonga meza kwa kalamu. "Naa Fardosa, nani amekuambia utukane? Wewe hama. Kuwa adui sasa hivi. Mtetee ng'ombe wako, tukupige."

Mama yangu! Fardosa aliwaka. Alimtetea ng'ombe kwa moyo wake wote, na moyo ule ulikuwa mkubwa. Akaleta samli, akaleta chai ambayo bila maziwa ya ng'ombe si chai, akaleta ngozi, akaleta majina ya ng'ombe wa baba yake mmoja mmoja. Akanielekezea kidole. "Ngamia wako akipotea unamtafuta siku tatu! Wangu jioni anarudi mwenyewe!" Nilihangaika kumjibu, na kila nilipopata jibu Naima alikuwa ameshaliandika. Kengele ilipolia tulikuwa na kurasa mbili zilizojaa, na Fardosa anahema.

Ukumbini, msemaji wao wa kwanza alisimama kwa tabasamu, akasema vilevile kama Fardosa, kwamba ngamia hupotea. Niliinuka kwa furaha. Nikasema, kweli ngamia hupotea, kwa sababu hata wakati wa ukame bado ana nguvu za kutembea. Ng'ombe wa kiangazi hapotei, unamkuta pale pale alipolala jana. Ukumbi ukalipuka! Wale wasichana wa Buna wenyewe walipiga makofi, damu ya ngamia ikawashinda. Tulishinda. Wiki mbili baadaye tulivuka daraja tukipiga vigelegele, Fardosa akiwa na sauti kuliko sote.

Leo mimi ni mwalimu hapa Garissa. Juzi binti yangu alijiandaa kwa mdahalo akiwa amejilaza kwenye kochi. Aliiuliza simu, simu ikamletea hoja kumi, zimenyooka, chai yangu haijapoa. Nikakaa mbele yake, nikamwambia twende, mimi nakupinga. Akanitazama kwa huruma. "Hooyo, kwani unataka tukosane? Hoja ziko sawa." Watoto wa siku hizi wana majibu kabla ya kuulizwa, na hawana wa kuwabishia.

Lakini nimcheke yeye kwa lipi? Sisi watatu tuna kikundi chetu kwenye simu. Naima yuko Mombasa, Fardosa yuko Nairobi, na kila siku tunatakiana heri. Wiki iliyopita nilikuwa nimechoka kweli kweli, nikawaandikia kwamba nimeamua kuacha ualimu. Naima alituma dole gumba. Fardosa akatuma ua. Nilikaa na simu mkononi mpaka ikazima mwanga, nikimngoja mmoja wao ahame upande, anipige.