Pai ya Mama bila siagi, na kiti cha mzee pale mlangoni

Wakuu, habari za Jumapili. Nimeshiba, nimetulia, na nina jambo la jikoni la kuwasimulia. Sitatia chumvi, chumvi yenyewe kwetu imepigwa marufuku.

Mama yangu alipika miaka mingi kwenye nyumba ya wageni ya shamba moja la chai huku Kericho.

Huko ndiko alijifunza pai: nyama ya kusaga chini, viazi vya kupondwa juu, halafu siagi, cream na cheese bila huruma. Nyumbani kijijini Merigi hatukuwa na oven. Alikuwa anaweka sufuria kwenye jiko, anafunika, kisha anapanga makaa juu ya kifuniko. Moto chini, moto juu.

Hiyo ndiyo ilikuwa Jumapili yetu baada ya kanisa. Hadi leo nikisikia harufu ya kiazi kikiungua kidogo, namkumbuka nikiwa popote.

Mama alituacha mwaka jana. Mzee akabaki na pressure, na daktari akamwambia wazi apunguze mafuta na chumvi, la sivyo atarudi wodi.

Shida ni kwamba mzee alipunguza chakula chenyewe. Sahani inarudi jikoni vile ilienda. Suruali ya kanisa sasa anaifunga na kamba. Wakuu, niliogopa.

Nikaamua kumpikia pai, lakini nyepesi. Nyama nusu, nusu ndengu. Viazi nikaponda na maziwa yaliyotolewa cream. Siagi hapana, cheese hapana. Dania na kitunguu kwa wingi. Nikaioka kwa oven yangu huku mjini, nikaibeba hadi nyumbani nikijiona chef.

Mzee alionja kijiko kimoja. "Hii ni chakula ya hospitali," akasema, akasukuma sahani polepole.

Nilikasirika, sitaficha.

Leo nikaenda na vitu vibichi. Nikawasha jiko la Mama.

Hapa lazima nieleze kidogo. Kwetu, mwanaume wa rika la Baba haingii jikoni kwa mke wake. Lakini kila Jumapili alikuwa anaketi nje, kando ya mlango, kwenye kiti chake kifupi, wakipiga stori na Mama mpaka chakula kiive. Sisi watoto tulidhani ni njaa tu. Baada ya mazishi kiti kilipelekwa sebuleni.

Basi nikarundika makaa katikati ya kifuniko. Nikasikia kiti kinaburutwa.

"Weri, utachoma katikati na kando ibaki baridi," mzee akasema kutoka mlangoni, akiniita kijana kwa lugha yetu. "Mama yako alikuwa anazungusha makaa pembeni. Katikati anaacha wazi."

Nikazungusha.

"Bado. Hiyo kubwa iko upande yako, sukuma."

Akaniongoza hivyo bila kuvuka kizingiti. Katikati ya maagizo akaanza kumtaja Mama, jambo ambalo hakuwa amefanya tangu tumzike. Alivyokuwa akiimba vibaya makusudi ili yeye acheke. Nilishukuru kwamba kulikuwa na moshi.

Pai ikatoka na ukoko wa kahawia pembeni. Ndengu zile zile, viazi vile vile visivyo na siagi. Mzee akala, akaongeza.

Mwishoni akakwangua ukoko na kuuweka kando ya sahani. Nikakumbuka: huo alikuwa anamwachia Mama, ambaye alikula wa mwisho siku zote.

Aliutazama kwa muda, kisha akasogeza sahani kwangu.

"Kula," akasema. "Hiyo ni ya mpishi."

Funzo nililopata: mimi nilihangaika na siagi wiki nzima, kumbe mzee alikuwa anakosa mtu wa kuongea naye chakula kikiiva. Mkipikia wazazi wenye pressure, punguzeni mafuta, lakini kaeni nao.

Nani hapa amejaribu chakula cha zamani kwa njia nyepesi? Mnaweka nini badala ya cheese? Mzee ameshasema Jumapili ijayo ndengu zipungue.

Kiti sijakirudisha sebuleni. Nimekiacha pale mlangoni.