Dokta Kailazimisha Dawa Kwenye Protini, Kisha Anataka Jina Langu

Admin, jina langu kaa nalo wewe tu. Mie ni dada wa miaka 29, naishi Buguruni na mama, nasomea shahada ya pili kwenye maabara moja huko Mikocheni. Hapa naandika kwa hasira.

Tunatafuta umbo la protini ya kimelea cha malaria, tujue dawa itaishika wapi. Protini inafanywa fuwele, yaani inagandishwa kama chembe za chumvi, inapigwa eksirei nje ya nchi, halafu mie naijenga modeli yake kwenye kompyuta na kuirekebisha taratibu mpaka ilingane na vipimo.

Miezi minne modeli ilinigomea. Kila nikiirekebisha, badala ya kutulia inavurugika, atomu zinasukumana hovyo. Msimamizi wangu, dokta ninayempa shikamoo kila asubuhi, akaniambia mbele ya wenzangu, "Binti, hii kazi imekushinda. Si ubaki tu na mama yako muuze vitenge?" Watu wakacheka. Nilienda kulia chooni.

Nikaanza upya, nikakagua kitu kimoja kimoja. Vipimo vizuri. Mpangilio wa fuwele sawa. Mwisho nikaitoa molekuli ya dawa, ambayo dokta mwenyewe ndiye aliiweka mwanzoni. Modeli ikatulia siku hiyo hiyo! Nikarudia mara tatu, vilevile. Pale anaposema dawa imeshika, vipimo vinaonyesha maji tu.

Nikamfuata kwa adabu. "Dokta, dawa haipo pale."

Akafunga mlango. "Wafadhili nimeshawaambia ipo. Irudishe, uibane isisogee. Jina lako litatangulia kwenye ripoti yao."

Yaani uongo wake, jina langu! Miezi yote ananiita mjinga kumbe kosa ni lake! Na watu wahangaike miaka na dawa isiyoshika chochote?

Nilipokataa akairudisha mwenyewe. Juzi kwenye kikao akanisogezea ripoti nisaini. Nikaweka modeli zote mbili kwenye skrini, yenye dawa na isiyo na dawa, nikasema, "Mie hii sisaini." Wenzangu wakainamia simu zao, hata rafiki yangu niliyemfundisha kazi. Dokta akasema taratibu, "Basi tafuta wa kukusainia shahada yako."

Mama anasema, "Saini mwanangu, umalize shule, hayo mengine ni yao."

Ripoti inatumwa Ijumaa. Nimpeleke chuoni nikapambane naye peke yangu, au nisaini nipate cheti ninachokionea aibu? Jamani, nyie mngekuwa mie mngefanyaje?