Msumari wa Kwanza

Nyumba nilimoolewa ilikuwa na chumba cha kulala, sebule, jiko la nje, na magongo. Nayataja magongo pamoja na vyumba kwa sababu yalikuwa na nafasi kubwa kuliko mimi. Yaliangikwa sebuleni, kwenye ukuta wa kando ya mlango, kila gongo na msumari wake, na mgeni yeyote aliyeingia aliyaona hayo kabla ya kumwona mwenye nyumba.

Mume wangu alifanya kazi kwenye kinu cha kusagia mawe kule Saza, wakati wa Waingereza, mgodi wa dhahabu ulipokuwa unanguruma usiku na mchana. Mafundi wa Kihindi wa mgodi walikuwa na timu yao ya mpira wa magongo. Waliucheza juu ya mchanga uliokwisha kusagwa na kutolewa dhahabu yake, mchanga mweupe ulioshindiliwa ukawa mgumu kama sakafu. Mume wangu alianza kwa kuwaokotea mipira, akaishia kucheza nao, na mwisho wakamkabidhi vijana wa Kiafrika awafundishe, ili timu yao ikipungukiwa wapate pa kuazima mtu. Magongo aliyaleta nyumbani kwa sababu yakiachwa uwanjani asubuhi yalikuwa yamegeuka mipini ya majembe.

Kila Jumamosi, baada ya mazoezi, aliyapanga upya. Msumari wa kwanza, ule wa karibu na dirisha, ulikuwa wa kijana aliyemwona bora. Wa mwisho ulikuwa nyuma ya mlango. Hakuandika popote. Ukuta ndio uliosema, na vijana walikuja kuchungulia dirishani, wengine wakaondoka wanacheka, wengine wameinamisha vichwa.

Alikuwa na namna yake ya kuhukumu. Hakujali nani amefunga magoli. Alisimama mbele ya ukuta, kichwa kakiinamisha upande, akisema peke yake. "Huyu ana mkono, hana jicho. Huyu amekwisha kukomaa, alivyo leo ndivyo atakavyozeeka. Huyu hajui kitu, lakini juma lililopita alikuwa hajui zaidi." Huyo asiyejua kitu ndiye aliyempandisha. Samaki mkunje angali mbichi, alisema, na gongo likasogea msumari mmoja mbele.

Mimi nilikuwa pale pale kwenye mkeka nachambua maharage. Tangu anioe hakuwahi kusema kama nina mkono au sina jicho. Mboga niliiunga kwa karanga, akala. Sakafu niliipiga udongo mpya, akaikanyaga. Siku moja nikamwuliza, "Na mimi ningekuwa msumari wa ngapi?"

Akacheka. "Acha utoto, mke wangu," akasema, akaendelea kupanga.

Lakini nilikuwa na changu ambacho magongo hayakuwa nacho. Kwetu Itaka mwanamume hali na mkewe. Wanaume hula barazani, wanawake na watoto hula jikoni, na mama yangu alimpikia baba mpaka akamzika, hajawahi kuchovya naye bakuli moja. Pale kambini Saza hakukuwa na baba mkwe wala shangazi wa kututazama. Juma la kwanza la ndoa nilimtengea chakula, nikageuka kwenda jikoni, mume wangu akasema, "Unakwenda kula na nani huko? Na moto?" Nikafunga dirisha, nikakaa. Tangu siku hiyo tulikula sahani moja, dirisha limefungwa, na akikuta pande zuri la nyama alilisukuma kwa kidole kuja upande wangu, bila kunitazama. Sikumwambia mtu. Nilipokwenda kusalimia kwetu, shoga zangu wakijisifia khanga walizonunuliwa, mimi nilinyamaza tu na utajiri wangu.

Ndipo akaja yule kijana wa Chapwa.

Alikuja kutafuta kazi mgodini, mrefu, mwembamba, Kiswahili chake kimejaa lafudhi ya Kinamwanga, na kwa kuwa alikulia karibu na mpaka wa Tunduma, kila ulipompa kitu alisema "natotela", asante ya Wabemba wa ng'ambo. Siku ya kwanza uwanjani aliupiga upepo, gongo likamponyoka. Mume wangu akaliangika nyuma ya mlango. Zilipofika mvua, Jumamosi moja mume wangu alirudi amelowa, akasimama mbele ya ukuta muda mrefu, akasema, "Yule wa nyuma ya mlango anakua."

Niliifahamu ile sauti. Ndiyo aliyoitumia kwetu alipokuja kuposa.

Kesho yake akaja naye nyumbani. "Hana mtu hapa," akaniambia. "Atakuwa anakula kwetu." Nikafungua dirisha, nikawatengea wawili, nikaenda jikoni kula na moto. Ningefanyaje? Mgeni akiwapo, desturi nayo huwapo. Kutoka jikoni niliwasikia wanazungumza kukunja goti, kuinua kichwa kabla ya kupiga, na wanacheka. Nikachungulia kwenye ufa wa mlango. Nikakiona kidole cha mume wangu kinasukuma pande la nyama kwenda upande wa kijana.

Nilimwonea wivu, na sioni haya kusema. Si wivu wa mke mwenza, ambao watu wanaufahamu na wazee huweka kikao kuutatua. Wivu wangu mimi ungesemwa wapi? Ningesimama mbele ya wazee niseme nini: mume wangu anakula na mwanamume mwenzake, kama wanaume wote?

Na kijana mwenyewe hakuwa na pa kumshikia. Angekuwa mlafi au mwenye dharau, ningepata nafuu. Alirudisha sahani ameiosha, akaipokeza kwa mikono miwili, "Natotela, mama." Mama! Nilikuwa nimemzidi umri kidogo tu. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, lakini huyu jembe alilichukua mwenyewe, akanilimia bustani ya mboga bila kuombwa. Nikazidi kuchemka.

Kwanza nilijaribu kupunguza chakula. Mume wangu akampa kijana sehemu yake, akaenda zamu na njaa. Hapo nikaona nimejichapa mwenyewe.

Halafu nikawasikia wanazungumza juu ya mafundi. Mafundi walitaka kijana mmoja, mmoja tu, wa kucheza nao watakapokwenda Mbeya. Watakayemchukua watamtia karakana kujifunza kazi, na vijana wa karakana walikuwa na nyumba yao, na mpishi wao. Niliposikia neno mpishi nilisimama na ungo mkononi. Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka. Basi mimi nitamfukuza kwa maini.

Nikaanza kumlisha. Maini, mayai, maziwa mgando, uji wa ulezi wenye karanga. Posho ya nyama ya mgodi niliipika yote siku aliyokuwa na mazoezi. Mume wangu akanisifu kwa majirani kwamba nina moyo mkubwa. Kijana akajaa mabega. Hata hivyo niliona mabega peke yake hayatoshi, nikaanza kwenda uwanjani na ufumaji wangu, nikakaa pembeni kumtazama, kwa maana mali yangu ilikuwa miguuni mwake.

Jioni moja nikamwambia mume wangu, "Mtu wako anautazama mpira, hawatazami watu. Ndiyo maana anachelewa kuuachia."

Akanigeukia. "Umejuaje?"

"Nimeishi na ukuta wako tangu unilete hapa."

Siku iliyofuata nikamsikia kupitia ufa wa mlango anamwambia kijana, "Wewe unautazama mpira, huwatazami watu." Maneno yangu, kama nilivyoyasema, na kijana akaitikia, "Ndiyo, baba, umeona mbali." Nikausukuma ugali wangu pembeni.

Lakini alijirekebisha, lazima niseme kweli. Alianza kuinua kichwa, kuachia mapema, na mpira ukawa unatoka kwake kabla adui hajajua umefika. Gongo lake likapanda msumari baada ya msumari, mpaka Jumamosi moja likafika karibu na dirisha. Mafundi walikuja kumtazama, mkubwa wao mwenye kilemba cheupe akatikisa kichwa kwa kuridhika, na mambo yakaisha.

Kijana alikuja kuaga na gongo lake. Akachutama mlangoni pa jiko, akapiga makofi polepole kama wafanyavyo kwao mbele ya wakubwa. "Natotela, mama. Wewe ndiwe uliyenikuza."

"Nenda salama, mwanangu," nikamjibu, na moyo wangu unacheza ngoma. Mwanangu nilimwita siku hiyo tu, alipokuwa anaondoka.

Jioni ile nilipika kuku. Nilifunga dirisha, nikatenga sahani moja, nikakaa mahali pangu. Mkeka ulikuwa ule ule. Mume wangu alikula macho yakiwa ukutani, kwenye msumari uliobaki mtupu. Akalikuta paja, kidole chake kikalisukuma kuja kwangu, kikafika katikati ya sahani, kikasimama.

"Yule wa msumari wa pili," akasema, "anaanza kukua. Na nasikia chakula anachokula huko ni cha shida."

Niliinuka na tonge mkononi. Nikaenda jikoni, nikauchukua mwiko wangu kama ulivyo, una ugali bado, una kitanzi chake cha kamba, nikarudi sebuleni, nikauangika kwenye msumari wa kwanza. Ugali ukaganda ukutani.

"Huyu ndiye aliyemkuza yule," nikasema. "Maini yake, na maneno yake. Tangu umlete hapa hujamtazama hata Jumamosi moja."

Mume wangu akautazama mwiko. Akainamisha kichwa upande, vile vile alivyofanya kwa magongo, na kwa muda mrefu kama ule ule. Nilingoja aseme nina mkono, au sina jicho. Hakusema. Alinyanyuka, akalisukuma dirisha kuhakikisha limefungwa, akarudi kukaa, na kidole kikamalizia safari yake.

Wa msumari wa pili hakufa njaa. Nilimpelekea chakula chake uwanjani, kwenye bakuli lenye kifuniko.