Simu ya Onésime wa Bunagana

Waridi alikuwa amechoka tangu zamani, na hakuona haja ya kumwambia mtu. Mlima wa volkano ulio juu ya Goma ulipolipuka mwaka 2002 alikuwa msichana wa sekondari. Moto uliteremka hadi katikati ya mji ukala nyumba ya baba yake, dereva wa malori aliyetoka Kasongo, mama yake, Fatouma, akatoka na mkeka na birika tu. Miaka kumi baadaye, waasi walipoingia Goma, ndiyo kwanza alikuwa ameajiriwa. Alikaa ndani, mtaani kwao Majengo, akisikiliza mabati yakitetemeka, kisha akarudi kazini kana kwamba alikuwa ametoka likizo. Mei 2021 mlima ukatema tena. Safari hii hakulia hata kidogo. Alifunga nguo za mama yake kwenye kitenge, akafunga chumba cha seva kwa kufuli mbili, akaungana na watu waliokuwa wakitembea kwenda Sake.

Chumba hicho ndicho kilikuwa kazi yake. Agence Tuungane ilikuwa kampuni ya kutoa mizigo forodhani, yenye ofisi kubwa Goma na ofisi ndogo Bunagana, mpakani na Uganda. Waridi ndiye aliyekuwa mtu wa kompyuta. Seva ya barua pepe ilikaa kwenye kijichumba cha mawe meusi, na betri zake chini ya meza, na dirisha lililozibwa kwa wavu ili vumbi la mlima lisiingie. Vumbi liliingia hata hivyo.

Wakati ule mji ulipohamishwa, wafanyakazi walitawanyika Sake, Minova na Gisenyi. Seva ilibaki peke yake ikipokea barua za wateja mpaka betri zikaisha. Hakuna aliyejibu. Waliporudi, patron, mwenye kampuni, Papa Laurent, mwanaume mnene mwenye sauti ya upole, alimwita Waridi ofisini kwake.

"Mama Waridi, kila mutu hapa ana simu ya kisasa. Unganisha zote na seva. Siku mlima utatufukuza tena, kazi itatufuata mfukoni."

Waridi alitaka kumwambia kwamba hilo ndilo jambo ambalo yeye binafsi hakulitaka, kazi imfuate mfukoni. Alisema, "Ndiyo, patron."

Wakaja mmoja mmoja, wakakaa kwenye kigoda karibu na betri. Kila simu ilikuwa na tabia yake. Moja ilisema Kifaransa, nyingine ilikuwa na herufi za Kichina mahali ambapo hazikutakiwa, nyingine kioo chake kilikuwa kimepasuka mpaka kidole kikaogopa kugusa. Waridi aliandika anwani, nywila, jina la seva. Kisha kila simu, bila kukosa, ilionya kwamba haiijui seva hiyo na kuuliza kama mwenyewe anaiamini. "Kubali," alisema Waridi. "Kubali. Hapo chini, papa, kubali." Ikifika jioni koo lilikuwa limekauka.

Onésime alishuka kutoka Bunagana na lori la vitunguu ili simu yake iunganishwe. Alikuwa mtu wa milima ya Masisi, mrefu, mwenye aibu, aliyeshughulikia makaratasi ya forodha kule mpakani, huku mkewe Philomène na kitoto chao Bénita wakiishi Goma. Kabla ya kubonyeza "kubali" aliuliza.

"Sasa patron ataona mambo yangu yote?"

"Hapana. Mimi pia sioni. Seva inajua saa simu yako ilipokuja kuchukua barua, basi. Alafu kuna jambo lingine: simu ikiibiwa, ninaweza kuamuru kutoka hapa ijifute. Barua, namba, picha, vyote."

Onésime alirudisha simu kifuani. "Picha pia?"

"Pia."

Akamwonyesha picha moja: mtoto wa kiume mwenye meno mapana, amevaa sweta ya mtu mkubwa. "Ni Ushindi, mutoto wetu wa kwanza. Malaria ilimuchukua, hata shule hajaanza. Zote ziko humu."

"Basi usiibiwe," alisema Waridi, akajaribu kucheka. Onésime akabonyeza.

Katikati ya Juni 2022, Bunagana ikaanguka mikononi mwa waasi. Habari ilifika asubuhi, na kufikia mchana namba ya Onésime ilikuwa haipatikani. Watu waliokimbia walisema mengi. Mmoja alimwona akivuka kwenda Uganda na umati. Mwingine alisema alishikwa. Wa tatu aliapa kwamba alimwona Kalengera, kwenye barabara kuu, akitembea bila viatu.

Waridi aliingia kwenye kijichumba, akafungua orodha ya simu kwenye seva. Simu ya Onésime ilikuwa imepiga hodi siku hiyohiyo, saa ambayo Bunagana ilikuwa imeshaanguka. Siku iliyofuata hapana. Siku ya tatu ikapiga tena, kwa muda mfupi, ikachukua barua zake, ikanyamaza.

Ilikuwa hai, basi. Lakini simu hai haisemi iko mikononi mwa nani.

Philomène alianza kuja ofisini. Alikuja na Bénita mgongoni, akasimama mlangoni pa kijichumba bila kukaa, na swali lake lilikuwa moja.

"Mama Waridi, simu imeongea leo?"

"Imeongea mama, asubuhi."

Au: "Leo bado."

Siku ambazo jibu lilikuwa "bado," Philomène alitikisa kichwa tu, akarekebisha kitenge, akaondoka. Waridi aliona afadhali angelia. Ilifikia mahali akawa anafungua ile orodha kabla ya kunywa chai.

Papa Laurent naye alikuja, akafunga mlango nyuma yake.

"Ifute ile simu."

"Patron, ndiyo alama pekee tuliyo nayo."

"Minajua. Lakini humo kuna barua za mizigo yote tuliyopitisha. Majina ya wateja, majina ya madereva, namba za malori, nani alileta mafuta na kwa ajili ya nani. Simu hiyo ikiwa mikononi mwa watu wenye bunduki, dereva wangu mmoja atasimamishwa njiani aitwe kwa jina lake. Unaelewa?"

Alielewa. Baba yake alikuwa dereva. Hapakuwa na mtu mbaya katika chumba kile, na hilo ndilo lililomchosha zaidi.

"Nipe siku kidogo," alisema. "Nitazuia barua mpya za wateja zisiende. Acha kwanza nimuandikie."

Akaandika kwenda kwenye anwani ya Onésime: "Onésime, ni Waridi wa ofisi. Uko wapi? Jibu." Simu ikaja, ikachukua barua. Ikaonekana imesomwa. Jibu halikuja. Akaandika tena, akiuliza uko na nani, uko mahali gani. Ikasomwa, kimya. Kwa hiyo mtu alikuwa anasoma, na hakutaka kusema. Waridi alikaa akitazama lile neno "imesomwa" mpaka macho yakauma.

Philomène alipokuja hakumficha.

"Barua zinasomwa, mama, ila hazijibiwi."

Philomène alifikiri, akamshusha mtoto mgongoni, na kwa mara ya kwanza akakaa kwenye kigoda.

"Wewe umemuuliza nini?"

"Yuko wapi, yuko na nani."

"Wasiwasi wake ule! Unafikiri atajua ni wewe? Kule wanaweza kusema hata Goma imeshaanguka. Ataona mutu amekaa kwenye mashine yenu anamutafuta." Akapangusa mikono kwenye kitenge kana kwamba ndiye atakayeandika. "Usimuulize kitu. Andika hivi: Ile sufuria uliyounguza na maharagi siku nilizaa Bénita, bado haijatakata."

Waridi alimtazama.

"Andika tu, mama."

Akaandika, neno kwa neno. Siku hiyo simu haikuja. Kesho yake, kabla ya mchana, ilipiga hodi. Waridi alikuwa peke yake. Barua ikasomwa. Alikuwa ameinuka kwenda kuangalia betri pale kompyuta ilipotoa mlio, akageuka.

"Haitatakata," ilisema barua. "Tupa, tutanunua ingine. Mwambie Philomène niko muzima. Niko Uganda, kanisani. Nilifikiri si ninyi."

Waridi alikaa chini sakafuni, kati ya betri, akacheka bila sauti. Kisha akamtuma mlinzi amwite Philomène, ambaye alikuja mbio, kiatu kimoja mkononi kwa sababu kamba ilikatika njiani. Aliweka kiganja kwenye kioo cha kompyuta, juu ya maandishi, kama anapima joto la mtoto.

Ingeishia hapo ingekuwa habari njema. Lakini Onésime alikuwa ameacha vitambulisho vyake Bunagana, na bila vitambulisho hakuweza kuzunguka kupitia Rwanda. Baada ya wiki kadhaa za kulala kwenye benchi za kanisa aliandika kwamba kuna kikundi cha wafanyabiashara kinachorudi Goma kwa barabara ya ndani, na yeye ataungana nao. Vizuizi vilikuwa vingi, vya pande zote, na kila mahali walipekua simu. "Wakisoma barua za forodha nimekwisha, na nikizifuta mwenyewe zinarudi," aliandika. "Nikiitupa hapa, nani ataiokota? Bora uifute, nipite nayo tupu. Lakini ningoje kwanza. Ninatuma picha."

Alianza kutuma picha za Ushindi, moja kwa barua moja, kwa mtandao wa kuazima wa duka lililokuwa karibu na kanisa. Sanduku la barua la Onésime kwenye seva likajaa. Waridi akaliongezea nafasi. Picha nyingine zilifika zimekatika katikati, paji la uso tu na rangi ya kijivu. Aliomba zitumwe tena. Ushindi kwenye beseni. Ushindi na ile sweta. Ushindi amelala juu ya gunia la makaa, usingizi wa mtu aliyemaliza kazi. Waridi alizipokea kimyakimya, akaziweka kwenye flash ya Philomène. Papa Laurent alipita mlangoni, akaona, akaendelea na njia yake. Habari ya kufuta hakuitaja tena.

Siku ya mwisho Onésime aliandika: "Imebaki video. Ushindi anaimba. Ni fupi, lakini inakataa kutoka."

Waridi alijaribu kila alichokijua. Alimwelekeza aipunguze, simu ilikuwa ya zamani, haikuweza. Alimwambia aikate vipande. Mtandao wa duka ukakatika. Ukarudi, video ikaanza kupanda, ikafika nusu, ikaanguka. Ikaanza tena. Asubuhi yote ilikwenda hivyo, yeye Goma na yule Uganda, wote wawili wakitazama mstari uleule ukisogea na kurudi nyuma. Kisha ikaja barua.

"Wenzangu wamebeba mizigo, wananiita. Futa tu."

"Ngoja kidogo. Labda mchana utapata kikundi kingine," aliandika Waridi.

"Hakuna kingine. Futa, dada. Philomène hajui kama video iko. Nilimurekodi siku mama yake alienda shamba. Usimwambie."

Waridi aliweka kidole kwenye kipanya. Seva iliuliza kama ana hakika. Akasema kwa sauti, peke yake chumbani, "Hapana," kisha akabonyeza ndiyo. Muda mfupi baadaye jina la simu ya Onésime likabadilika rangi kwenye orodha, na maneno yakatokea kwamba amri imetekelezwa.

Onésime alifika Goma na sikio lililovimba. Kwenye kizuizi kimoja walifungua simu, wakakuta hakuna kitu, hata namba moja. Wakamuuliza mtu mzima gani ana simu isiyo na hata mama yake ndani. Wakampiga kofi, wakachukua simu, wakamwacha apite. Alisimulia hayo ofisini, amesimama, na Papa Laurent alimshika mkono kwa mikono yake miwili kwa muda mrefu.

"Utapewa simu ingine," alisema patron. "Mama Waridi ataiunganisha."

Onésime alitazama kijichumba. "Patron, nipeni kompyuta hapa ofisini. Nikitoka kazini, nitoke."

Waridi, ambaye hakuwa na mazoea ya kudakia, alisema, "Aachwe, patron." Na akaachwa.

Walifanya kazi pamoja zaidi ya miaka miwili, meza zao zikitenganishwa na ukuta mwembamba, na habari ya video hawakuigusa. Januari 2025 vita vikaingia Goma kwenyewe. Ofisi ikavunjwa, seva ikabebwa na watu wasiojua ni nini, pamoja na betri na kile kigoda. Agence haikufungua tena. Waridi alibaki Majengo na mama yake, akiwatengenezea majirani simu kwenye kibaraza. Wengine walimlipa, wengine walimletea sombe, mboga ya majani ya muhogo.

Siku moja sokoni alikutana na Philomène, amemshika Bénita mkono, msichana sasa. Walisalimiana, wakaulizana habari za nyumbani. Onésime alikuwa anapakia mizigo kwenye bandari ya ziwa, alikuwa mzima. Philomène akasema bado wana zile picha, wamezichapisha kwenye karatasi, ziko ukutani.

"Mungu akubariki kwa zile picha, mama," alisema. "Uso ninauona kila siku. Ila sauti yake, unajua, imeanza kunipotea. Ninajaribu kuisikia, inakuja ya huyu mdogo wake."

Bénita alikuwa anachagua nyanya, anazipanga kwa ukubwa.

"Wakati ni murefu," alisema Waridi.

"Ni murefu," Philomène alikubali.

Kisha Waridi akasaidia kuweka nyanya kwenye kikapu, akaagana nao, akashika njia ya kurudi nyumbani, polepole, kwa sababu miguu ilikuwa inauma.